Mashine inazima kazini, ukingoja inawaka: usiruhusu pampu ing'olewe bado

Swali: Fundi, salamu. Nina skidi stia (ile mashine ndogo ya ndoo ya mbele) ya mitumba, injini ya Kubota silinda nne isiyo na turbo, pampu ya injekta ya kawaida isiyo na kompyuta. Inasomba murram na kusawazisha viwanja huko Ruai, Nairobi. Asubuhi inasumbua kuwaka, lakini ikishawaka inafanya kazi vizuri karibu nusu saa. Halafu inaanza kuishiwa nguvu ndoo ikiingia kwenye udongo, sauti inapanda na kushuka, mwishowe inazima. Nikingoja dakika kumi hivi inawaka kana kwamba haikuwa na shida. Filta nimeshabadilisha mara mbili. Fundi wangu sasa anasema pampu ya injekta imekufa na anataka kuing'oa aipeleke Industrial Area. Nimpe ruhusa?

Jibu: Usimpe, bado. Maelezo yako yenyewe yanaitetea hiyo pampu.

Pampu ya injekta iliyolika huonyesha ugonjwa wake injini ikiwa moto. Dizeli ikipata joto huwa nyepesi, na badala ya kusukumwa kwenye nozeli, ile midomo inayopulizia mafuta ndani ya injini, inapenya pembeni mwa plunja zilizolika, vile vijiti vya ndani ya pampu vinavyosukuma mafuta. Mwenye pampu ya aina hiyo kwa kawaida hulalamika hivi: asubuhi inawaka, lakini nikizima saa sita nile, kuiwasha tena ni vita, stata inazunguka hadi betri inachoka. Yako inafanya kinyume. Inazima ikiwa moto, unangoja dakika kumi ambazo haziwezi kupoza injini chini ya jua la Ruai, kisha inawaka. Chochote kilichopona ndani ya dakika hizo si chuma kilicholika. Ni kitu kinachoziba mafuta yanapovutwa, na kinachoachia mvuto ukiisha.

Jambo la pili ni hiyo sauti ya kupanda na kushuka. Injini inayozimwa na umeme, yaani solenoidi ya kukata mafuta, waya uliolegea au rilei (swichi ya umeme) mbovu, huzima ghafla, kama umegeuza ufunguo. Injini inayokosa mafuta hufa polepole: inapungua nguvu, gavana, kile kifaa cha kudhibiti mzunguko, anajaribu kuongeza mafuta, yanakuja kidogo, yanakatika, inakohoa, inazima. Yako inakufa polepole. Kwa hiyo tunaanzia kwenye tangi, si kwenye pampu, na tunatembea na mafuta kuelekea mbele.

Kabla hujashika spana, tafadhali. Mashine hizi zimeua watu waliokuwa wakitafuta hitilafu ndogo sana. Mikono ya ndoo ikae chini kabisa, au kama ni lazima iwe juu ili uinue kebini, iwe imeshikwa na kile chuma cha usalama kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, si jeki wala kipande cha mbao. Na usipapase bomba la nozeli kwa kidole kutafuta linapovuja injini ikizunguka. Nozeli za injini kama yako hufunguka kwa presha ya karibu bar 140, na dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi. Tundu linaweza kuonekana dogo kama la sindano, lakini ni la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa kazi. Mafuta ya skidi stia yako yanatoka kwenye tangi kwa mrija wa kuvutia, yanapita kwenye hozi ya mpira, kipira cha kupampu kwa mkono, filta yenye kitenganisha maji, pampu ndogo ya kuvuta, kisha pampu ya injekta. Mpangilio wa hivyo vya katikati hutofautiana kati ya modeli na modeli. Yasiyotumika yanarudi kwenye tangi kwa hozi nyingine. La kukumbuka ni kwamba kila kilicho kabla ya pampu ndogo kiko upande wa kuvuta, na upande huo una tabia yake: ukipasuka haudondoshi mafuta, unavuta hewa. Ni kama kunywa soda kwa mrija wenye tundu. Soda haimwagiki, ila mdomoni unapata hewa. Ndiyo sababu mtu anakagua mashine yote, haoni tone lolote chini, na anaapa kwamba hakuna panapovuja.

Jaribio la kwanza halina gharama. Mashine ikianza kukohoa, fungua kifuniko cha tangi mara moja na usikilize. Ukisikia pumzi ikiingia, na injini ikarudisha nguvu, basi tundu la pumzi limeziba. Mafuta yanapotoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Isipoingia, tangi linajibana hadi pampu ndogo inashindwa kuvuta. Kwa kazi ya murram hili ni la kawaida mno. Lile vumbi jekundu likichanganyika na unyevu wa dizeli pale kwenye kifuniko hugeuka udongo mgumu. Safisha kifuniko kwa dizeli na hewa, au nunua kingine chenye tundu. Nimekutana na mashine iliyofungwa kifuniko cha gari dogo kwa sababu kilikuwa kinaenea. Kilikuwa hakina pumzi hata kidogo.

Kama kifuniko hakina hatia, mshukiwa wangu mkuu ni takataka ndani ya tangi, na kwa dalili zako ningeweka dau hapo. Mashine za mjengo hunyweshwa kwa mtungi, na mtungi huleta mengi: ile karatasi ya fedha ya kuziba mdomo wa mkebe mpya, kipande cha mfuko, uzi wa gunia, jani. Kinaelea tangini bila kuudhi mtu. Injini inapofanya kazi nzito mvuto unakiburuta hadi kwenye mdomo wa mrija, kinaufunika, injini inakosa mafuta na kuzima. Mvuto umeisha, kinadondoka taratibu, unawasha, unaambiwa mashine ina mapepo. Filta mpya haiwezi kusaidia kwa sababu uchafu huo haufiki kwenye filta.

Namna ya kuthibitisha: mara tu ikizima, chomoa hozi ya kuvuta kabla ya filta, fungua kifuniko cha tangi, kisha puliza kurudi tangini kwa hewa kidogo. Hewa ya pampu ya baiskeli inatosha. Kompresa itakupasulia kitu. Hewa ikikataa mwanzoni kisha ikaachia na ukasikia mafuta yakibubujika, umempata. Rudisha hozi, toa hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta, washa. Ikifanya kazi vizuri kwa muda kisha ikarudia yale yale, usiendelee kupuliza kila siku. Mwaga tangi. Ingiza taa mdomoni utazame, ikiwezekana litoe kabisa. Lisuuzwe kwa dizeli safi, si petroli wala maji, na mtu asilikaribie na moto wa kuchomelea hata likionekana kavu.

Tangi likiwa wazi, angalia mrija wenyewe. Kwenye mashine nyingi za aina hii sehemu ya ndani ni hozi ya mpira inayoning'inia hadi chini, na miaka ikipita inapasuka katikati au inachomoka na kuanguka. Hapo dalili inafuata kiasi cha mafuta: tangi likijaa hakuna shida, likifika nusu mashine inavuta hewa na kuzima. Hukusema kama yako inazima upesi zaidi mafuta yakipungua. Fuatilia hilo, linaweza kukumalizia upelelezi bila spana.

Sasa jaribio ambalo ningemtaka fundi wako alifanye mbele yako kabla hajagusa pampu: jaribio la mtungi. Chukua mtungi safi wenye dizeli uliyonunua mwenyewe kwenye pampu ya kituo. Uweke juu kuliko pampu ndogo, mahali usipoweza kuanguka wala kugusana na ekzosi. Tumbukiza hozi mpya hadi chini ya mtungi na uiunge moja kwa moja kwenye mdomo wa kuingilia wa pampu ndogo, ukiruka tangi, hozi za zamani na kipira cha mkono. Kama filta yako imekaa kabla ya pampu, weka filta ndogo ya plastiki kwenye hozi yako, maana mafuta yasiyochujwa yasiingie kwenye pampu ya injekta hata kwa majaribio. Hozi ya kurudisha nayo ielekeze mtungini. Ukiisahau, mtungi utamalizika ukishangaa mafuta yameenda wapi, kumbe yanajaza tangi. Toa hewa, washa, iache ipate joto la kazi.

Mashine ikiwa imesimama haina mzigo, na shida yako huja kwenye mzigo. Kwa hiyo ongeza mzunguko, laza ndoo hadi mwisho wake na uendelee kushikilia kwa sekunde chache mpaka haidroliki, yaani mfumo wa oili unaosukuma ndoo, ilie. Injini itabanwa kama iko kazini. Achia, pumzisha, rudia. Usishikilie muda mrefu, oili ya haidroliki huchemka haraka hapo. Endelea hivyo kupita ile nusu saa yako ya kawaida.

Ikidumu kwenye mtungi bila kukohoa, pampu ya injekta imeshinda kesi. Ugonjwa uko kwenye vile ulivyoviruka. Ikizima hata kwenye mtungi, basi tangi halina kosa, na tunasonga mbele.

Nirudi kwenye tatizo la asubuhi, kwa sababu nadhani una magonjwa mawili, si moja. Kesho kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza kile kipira cha mkono. Kikiwa laini na ukalazimika kukipampu mara nyingi kabla hakijawa kigumu, mafuta yalirudi tangini usiku. Ukishapata ugumu, washa. Ikikubali mara moja, kuna mahali hewa inaingia, au vali ndogo ndani ya kipira haishiki tena. Ikiendelea kukataa huku moshi mweupe ukitoka ekzosi, mafuta yanafika lakini hayaungui. Hapo tafuta plagi za joto, zile zinazopasha injini kabla ya kuwaka, na rilei yake, hasa miezi ya Juni hadi Agosti ambapo asubuhi za Nairobi huwa baridi. Na kama hakuna moshi wowote stata ikizunguka, mafuta hayafiki kabisa.

Kutafuta hewa inakoingilia, kata hozi karibu na pampu ndogo na uunge kipande cha mpira mwangavu unaoonyesha ndani, ule unaostahimili dizeli. Mapovu machache mara baada ya kuwasha si kitu. Mapovu yasiyokoma, au yanayoongezeka ukiongeza mzunguko, ndiyo mwizi wako. Kisha tembea na macho. Usitafute tone, tafuta mahali ambapo vumbi limeganda jeusi kuliko kwingine, maana penye unyevu kidogo wa dizeli vumbi hushika. Mara nyingi ni chini ya klipu. Kunja hozi kwa vidole pale inapoingia kwenye nipo, ile ncha ya kuungia hozi: mpira mzima hurudi, uliochoka huonyesha nyufa ndogo ndogo zisizoonekana ukiwa umenyooka. Na hozi inayoonekana nzima kwa nje ikateni mtazame ndani. Ngozi ya ndani huvimba na kubanduka, ikawa ulimi unaojifunga mafuta yakivutwa kwa nguvu. Hiyo nayo inatoa dalili zile zile ulizonieleza, na hakuna filta ya duniani itakayoiponya.

Ushauri wangu kwa mashine ya umri huo ni kutoikagua hozi moja moja. Badilisha zote za upande wa kuvuta kwa pamoja, pamoja na klipu na kipira. Gharama yake haikaribii hata nauli ya kubeba pampu kwenda na kurudi ukijumlisha siku ambazo mashine haikodishwi. Ukinunua, taja kwamba ni hozi ya dizeli na upime kipenyo cha ndani. Hozi ya maji iliyokatwa duka la vifaa vya ujenzi italainika na kujibana ikipata mvuto na joto.

Filta nazo. Umebadilisha mara mbili, lakini hukunieleza kilichotoka ndani ya zile za zamani, na hapo ndipo penye habari. Mwaga ya zamani kwenye chupa angavu, iache itulie. Maji yatakaa chini. Utelezi mweusi unaonata maana yake ni vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana, na tangi lazima lisafishwe. Hakikisha pia gasketi ya zamani haikubaki imenata kwenye kichwa cha filta ukafunga mpya juu yake. Gasketi mbili hukaa vizuri kwa macho na kuvuta hewa mfululizo. Na filta mpya usiijaze kwa dizeli ya mtungi. Utakuwa umemwaga mafuta yasiyochujwa upande uliokwisha kuchujwa. Ifunge tupu, kisha pampu kwa mkono.

Kuhusu mafuta yenyewe sitasema mengi, ila ukinunua dizeli ya mtungi kutoka kwa mtu anayepita na pikipiki kwenye mjengo, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 hasa kwa sababu yalikuwa yakichanganywa na dizeli. Mafuta ya taa yanaungua, kwa hiyo mashine haitazima siku hiyo. Hasara yake ni kwamba pampu ya injekta inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake tu, haina oili nyingine kwenye plunja, na mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Hapo ndipo pampu nzima huanza kulika kweli. Na jaza tangi jioni kazi ikiisha, si asubuhi. Tangi tupu usiku wa baridi hutoa jasho kwa ndani.

Tuseme sasa imezima hata kwenye mtungi. Angalia pampu ndogo. Kama ni ya umeme, pima volti kwenye soketi yake ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imechomolewa. Ikipungua zaidi ya volti moja kuliko betri, tafuta kutu kwenye waya au mahali waya wa ardhi umefungwa kwenye rangi. Kisha elekeza hozi yake ya kutokea kwenye chupa na uone: mkondo uwe mnene na mfululizo, usio na povu. Kiwango kamili kiko kwenye kitabu cha modeli yako.

Solenoidi ya kukata mafuta nayo isisahaulike, ingawa dalili zako haziielekei sana. Nyingi zina koili mbili: moja yenye nguvu ya kuvuta kwa muda mfupi, nyingine ndogo ya kushikilia. Ya kushikilia ikichoka huachia ikipata joto, kisha hukubali tena ikipoa, na mtu anaweza kuichanganya na tatizo la mafuta. Mashine ikizima, gusa taa ya kupimia kwenye waya wa kushikilia ufunguo ukiwa bado kwenye kuwasha. Umeme upo na solenoidi imeachia? Solenoidi ni mbovu. Umeme haupo? Rudi nyuma kwenye fyuzi, rilei na ubao wa taa, kwa sababu baadhi ya mashine hujizima zenyewe presha ya oili ikishuka au maji yakichemka, na huwa zimeandika kosa hilo kwenye kioo wakati wote tunaopigana na filta.

Kuna jambo moja la Nairobi linalowapoteza mafundi wengi kutoka pwani. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na zaidi, hewa yetu ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo itatoa moshi mweusi kidogo ikibanwa na itakuwa na nguvu pungufu. Huo si ugonjwa wa mafuta. Mtu akikuambia akufungulie skrubu ya gavana iongezeke nguvu, mkatalie. Utaongeza moshi na joto, na nguvu utapata kiduchu.

Na kama umefanya yote haya, mafuta yanafika safi na mengi hadi mdomoni mwa pampu ya injekta, hakuna povu, solenoidi imeshika, na bado inazima, basi mpe fundi wako ruhusa. Ila uwepo inapong'olewa. Chini ya pampu hizo za Kubota kuna shimu, yaani vibati vyembamba vinavyopanga wakati wa kupiga mafuta. Zihesabu, zipime unene, zifunge kwenye karatasi na uziweke mfukoni mwako, maana zikipotea au zikiongezwa moja injini itagonga au itakosa nguvu na lawama zitaanza upya. Ziba midomo yote ya mabomba kwa vifuniko safi, si kwa pamba wala gazeti. Kwenye karakana dai pampu ipimwe kwenye mashine ya majaribio kabla haijafunguliwa, na usomewe kiasi kinachotolewa na kila silinda. Pampu ikifunguliwa kabla ya kupimwa, hutajua kamwe kama ilikuwa mbovu, na bili utalipa.